Makataa

Mahakama iko Cincinnati, sisi tuko Nashville,
na kati yetu imekaa saa moja nzima
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kule ikitimia saa sita usiku, hapa ni saa tano,
na mlango hufungwa kwa saa ya kule.
Ndiyo maana nimetundika saa mbili ukutani.
Ya tatu ninayo kichwani, ya mama yangu,
inayoanza kuhesabu jua likichomoza
na haina habari na Cincinnati.

Mimi ni karani. Sheria anaijua wakili Haverty.
Mimi najua siku.
Siku ya amri yenyewe haihesabiwi, hesabu huanza kesho yake.
Jumamosi imo, Jumapili imo,
ila ya mwisho ikiangukia sikukuu
inasukumwa mbele, kama toroli lenye gurudumu bovu.
Kwetu tulihesabu arobaini baada ya mazishi,
sufuria zimeshaazimwa, mchele umeshachaguliwa.
Hapa nahesabu kabla,
na anayehesabiwa huniandikia barua kwa penseli.

Orrin Pettibone. Namba ya shauri lake
naikumbuka kuliko namba ya simu yangu.
Miaka kumi na tisa, majalada kumi na moja;
la sita lina doa la kahawa
ya mtu aliyeacha kazi kabla sijaajiriwa.

Februari jino la wakili lilitunga usaha.
Shavu likavimba, hata "Mheshimiwa" hakuweza kutamka.
Nikaandika: tunaomba kwa heshima siku kumi na nne,
upande wa pili haupingi.
Tukapewa.
Orrin akajibu: Mwambie asiling'oe lote kwa mara moja.
Katika siku zile, akasema, mvua ilinyesha mara tatu,
na ile ya tatu aliisikia toka tone la kwanza.

Bi Lorene Stambaugh, mama wa marehemu,
alipiga simu mara moja tu.
Hakutukana. Alitaka tarehe,
ajue lini aombe ruhusa kazini.
Nikamwambia imesogezwa.
"Tena?"
Kisha kimya, na nyuma yake mashine ya kufulia
ikizungusha nguo, ikisimama, ikizungusha.
Sikuwa na fomu ya kumjibu.
Mpaka leo sina.

Wahenga walisema leo ni leo,
asemaye kesho ni mwongo.
Basi mimi ni mwongo ninayelipwa kwa saa.
Kazi yangu ni kesho: kuiomba, kuipiga muhuri,
kuinyoosha mpaka inakaribia kukatika,
na kuweka nakala tatu.

Usiku huu ni wa mwisho wa hoja zetu.
Haverty amelala kwenye kochi na viatu vyake.
Saa nne na dakika arobaini na moja
kiambatisho cha tisa kinakataa kupakiwa, kizito mno:
ni picha za utotoni, ripoti ya daktari,
shuleni walivyoandika "mkimya" miaka mitatu mfululizo.
Nakikata vipande viwili.
Vidole vina jasho, kiyoyozi kinanguruma bure.
Saa nne na hamsini na tatu: imepokelewa.
Dakika saba zimebaki, hazina kazi,
nazikalia tu.

Kisha nafungua ukurasa wa Agosti.
Kuna tarehe hapo iliyopangwa na mahakama nyingine;
hatukuiomba sisi.
Kwa lugha yangu usiku ule una jina:
usiku wa kuamkia Alhamisi.
Kuamkia. Nalitamka polepole,
Haverty anageuka upande wa pili.

Nimeiandika kwa penseli, herufi ndogo,
nikaanza kuhesabu kurudi nyuma
nikiiacha siku ya kwanza, kama kanuni inavyotaka.